Mama Mstari na Kopo la Kijani

Kuna wanaume wanaojisifia gari, kuna wanaojisifia mashamba, na pale kazini kwetu kuna mmoja anayejisifia meno yake. Mimi najisifia mke. Anayeona naringa aone tu, kwa sababu naringa kweli, na sioni sababu ya kujificha.

Mimi ni mwoka mikate. Kazi yangu inasamehe. Mkate ukivimba upande mmoja, mtu ataanza kuula upande wa pili na maisha yataendelea. Kazi ya mke wangu haina huruma hiyo. Yeye ni fundi wa vioo, na kioo ukikikosea hakuna cha kupaka siagi juu yake.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu. Ni chumba kirefu chenye meza pana iliyotandikwa zulia kuukuu, maana kioo hakilazwi juu ya mbao tupu. Ukutani vimeegemea vioo vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na kipande cha gazeti katikati ili visikwaruzane. Kuna rula ndefu ya mbao, makoleo ya mdomo mpana, mkebe wa mafuta ya taa, na kikatio chake kidogo chenye kigurudumu cha chuma mdomoni. Kikatio hicho alikirithi kwa baba yake, na mimi mumewe wa halali sijawahi kuruhusiwa hata kukipangusa vumbi.

Watu hudhani kioo hukatwa kama nguo. Wapi! Kioo huchanjwa mstari mmoja mwembamba juu ya uso wake, halafu fundi hukiinamisha kidogo, nacho huachana chenyewe palepale. Kazi yote iko kwenye ule mstari. Unauchanja mara moja, kwa mwendo mmoja, bila kusita. Ukipitisha kikatio mara ya pili juu ya mstari uleule umekwisha, kwa sababu kioo sasa kitapasuka kinakotaka chenyewe. Na mstari mzuri unausikia: unatoa sauti nyembamba, ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ikikatika katikati, mke wangu hukunja uso kabla hata hajatazama.

"Mstari mmoja, basi," huwaambia wanaojifunza kwake. Baadaye akawa analisema neno hilo kwa kila kitu. Aliacha sukari kwenye chai: mstari mmoja, basi. Alivunja urafiki na jirani msengenyaji: mstari mmoja, basi. Hata mimi nilipopeleka maneno ya uchumba, mikono imelowa jasho, hakunizungusha kama wenzangu walivyozungushwa. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Sawa. Mstari mmoja." Mtaa mzima ukamwita Mama Mstari, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mambo yalianza na mkono wa mdogo wangu. Kijana huyo ni shemeji yake na pia ni msaidizi wake wa siku nyingi, na wawili hao hutaniana mpaka wageni hudhani wanagombana. Siku moja walikuwa wanapandisha kioo cha mbele ya duka la viatu. Kikapasuka mikononi mwao, kipande kimoja kikashuka na kumchana mdogo wangu kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Alishonwa, akapona. Leo lile kovu huwaonyesha wasichana na kuwaambia alipambana na majambazi, na majambazi hao huongezeka kila akisimulia.

Yeye alipona. Aliyebaki na jeraha ni mke wangu. Kila alipofumba macho alisikia kioo kikipasuka. Akawa hali vizuri, halali, na akipanda ngazi anashuka tena kwenda kukagua kamba alizokwisha kuzikagua. Niliumia kumwona vile. Mwanamke aliyezoea kunicheka kwa sababu naogopa panya, sasa yeye ndiye anayeshtuka kijiko kikianguka jikoni.

Ndipo akaingia kwenye duka la virutubisho, lile lenye taa nyeupe na picha za watu wanaotabasamu bila sababu. Muuzaji alikuwa binti mwenye sauti laini na koti jeupe, ingawa si nesi wala hajawahi kuwa. Akamletea kopo la kijani lenye picha ya jani.

"Hii si dawa, mama," akamwambia. "Dawa zina madhara. Hiki ni kirutubisho tu cha utulivu. Ndiyo maana hatukuulizi cheti cha daktari. Kingekuwa kibaya kingeruhusiwa kuuzwa?"

Swali zuri, hata mimi lingenifunga mdomo. Mke wangu akakoroga kijiko kimoja cha unga ule ndani ya maji, akanywa, akalala. Alilala hadi mikate yangu ya kwanza ilipokuwa imeshauzwa. Asubuhi ile alinitania kuhusu tumbo langu, nami nikamshukuru Mungu na lile kopo pamoja.

Lakini baada ya muda kijiko kimoja kikatafuta mwenzake. Kisha cha jioni kikapata ndugu wa asubuhi. Halafu kikaja cha mchana, cha kumalizia tu, alisema, kwa sababu leo kuna kazi ya ngazi. Makopo ya kijani yakapanga foleni kwenye rafu ya jikoni. Na jambo la ajabu ni kwamba akichelewa kunywa, jasho linamtoka, anakuwa mkali kwa jambo dogo, na vidole vinacheza vyenyewe. Tukasema, "Wasiwasi umerudi." Akanywa zaidi, akatulia. Hatukujua kwamba lile kopo lilikuwa linazima moto ambao lenyewe liliuwasha, na sisi tunalipongeza.

Wakati huohuo ndipo ilipokuja kazi ya ukumbi. Ukumbi mkubwa wa mji ulikuwa unakarabatiwa. Juu ya mlango wake kuna dirisha la duara, pana kuliko urefu wa mtu, na kioo chake kilikatwa na baba yake mke wangu enzi zake. Tangu akiwa msichana alikuwa akipita pale anainua kidevu. Basi wajenzi walipokuwa wanatoa fremu, kioo kile kikapasuka. Mkandarasi akaulizia mji mzima ni nani anaweza kukata kingine kama kile, na kila aliyeulizwa alimwelekeza nyuma ya nyumba yetu.

Mkandarasi mwenyewe ni mtu nadhifu. Viatu vyake hung'aa hata penye vumbi la saruji, na ana leso nyeupe ya kujifutia jasho, ambayo huitumia hata siku ya baridi. Alikuja karakana akasema kwa adabu kwamba angependa kuona mfano mdogo tu, duara la ukubwa wa sinia, kabla hajaagiza kioo kikubwa.

"Kaa hapo uone," mke wangu akamwambia, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa.

Mimi nilikuwa mlangoni nimemletea mkate. Nilisikia mstari ukianza vizuri. Kisha sauti ikakatika. Nikauona mkono wake ukitetemeka, kama wa mtu aliyebeba mzigo mzito, na mkono ule haukuwa na kitu zaidi ya kikatio. Akasita. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya ndoa yetu: alirudi nyuma, akapitisha kikatio juu ya mstari uleule. Kioo kikapasuka kuanzia huku hadi kule. Mdogo wangu akatazama pembeni.

"Siku nyingine haziko sawa, mama," mkandarasi akasema kwa upole. "Hutokea." Akajifuta jasho, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Mke wangu akaweka kikatio mezani. Kisha akanyanyua ule mkono wake wa kulia, akautazama. "Huu si mkono wangu," akasema. "Huu ni mkono wa kopo."

Hapo ndipo alipojijua. Alikwenda jikoni, akakusanya makopo yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, akayamwaga kwenye mfereji wa uani huku sote tunatazama. Unga ule ukateleza na maji. Alipomaliza akakung'uta mikono. "Mstari mmoja, basi."

Mdogo wangu akapiga makofi. Mimi nikamkumbatia hadi akalalamika kwamba namjaza unga wa ngano. Nilijiona nimeoa simba. Na simba nilikuwa nimeoa kweli, ila lile lilikuwa kosa, na hakuna mtu mwingine angelifanya kwa ujasiri kama wake. Kwa jinsi alivyolelewa na kioo, kitu chochote kinachokusumbua unakichanja mara moja na kukivunja. Hakujua njia nyingine, na sisi tuliokaa naye hatukujua pia.

Mwanzoni alikuwa mkali tu, tukasema ni kawaida. Baadaye hakulala kabisa. Shuka zikawa zinalowa kama zimetoka kufuliwa. Moyo wake ulikwenda mbio hata akiwa amekaa. Akaanza kuona sisimizi ukutani ambao hatukuwaona, na kusikia kioo kikipasuka kwenye chumba kisicho na kioo. Nilimwambia twende hospitali, akasema, "Mtu haendi hospitali kwa sababu ameacha kitu. Huenda kwa sababu ameanza kitu."

Asubuhi moja alikuwa karakana, mimi nikiwa kwenye tanuri. Mdogo wangu ananiambia kwamba mke wangu alimgeukia akapaza sauti, "Shemeji, shika! Shika kinaanguka!" na hapakuwa na kitu kinachoanguka. Kisha yeye mwenyewe akaanguka, mwili mzima ukitetemeka kama wa mtu mwenye kifafa. Mdogo wangu aliingiza mkono wake kati ya kichwa cha mke wangu na mguu wa meza, mkono uleule wenye kovu, akamgeuza ubavu na kusukuma vioo mbali kwa mguu. Ule mkono uligongwa mpaka ukavimba. Hilo la majambazi aendelee kuwadanganya wasichana, lakini kwa hili mimi namheshimu hadi leo.

Nilifika hospitali na aproni yangu ya kazini. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimrukia kwa maneno.

"Daktari, mke wangu si mlevi! Alikuwa anakunywa kirutubisho tu, na hata hicho ameacha. Ameacha kabisa, amemwaga chote!"

"Ndiyo maana yuko hapa," daktari akasema.

Mdogo wangu alikuwa amekuja na kopo moja tupu. Daktari akavaa miwani, akasoma maandishi madogo yaliyofichwa chini ya lile jani. Akatueleza taratibu, kama anayeongea na ndugu zake. Ndani ya unga ule mlikuwa na kitu kinachofanya kazi kichwani karibu sawa na dawa za kutuliza ambazo wao hospitali huzifungia kabatini kwa kufuli. Ukikinywa kila siku, ubongo unakizoea, unaacha kujituliza wenyewe. Ukikiondoa ghafla, ubongo unabaki bila breki. Jasho, kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka. Wengine hawaamki.

"Lakini kinauzwa wazi dukani," nikasema. "Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu. Ila ubongo hausomi sheria, baba."

Walimpa dawa za kumtuliza, wakamlaza wakimwangalia. Alipopata nguvu za kukaa, nilimkuta amegeukia ukuta. Mke wangu hakulia kwa sababu ya maumivu. Alilia kwa sababu aliona ameshindwa kuacha kitu, yeye, Mama Mstari. Daktari akavuta kiti.

"Hukukosea kuacha," akamwambia. "Ulikosea namna ya kuacha. Hiki kitu hakikatwi mara moja. Kinapunguzwa kidogo, tena kidogo, na sisi tukikuangalia. Itachukua muda mrefu kuliko unavyotaka."

Mke wangu akageuka kutoka ukutani. Kisha akauliza, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake halisi tangu alipoanguka: "Kwa hiyo si kukata. Ni kusugua?"

Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza. Kioo kikishakatika, kingo zake huwa kali kuliko wembe. Husuguliwa kwa jiwe na maji, polepole, mkono ukienda na kurudi, na jiwe likirudishwa majini kila mara. Ukiwa na haraka ukingo unamegeka na kazi yote inaharibika. Ni kazi ya kuchosha ambayo mke wangu anaichukia, na siku zote huwaachia wanaojifunza.

"Basi ni hiyo," daktari akasema. "Kusugua."

Walimpangia. Dawa zake zikafungwa na mfamasia wa hospitali kwenye pakiti ndogo za karatasi, kila kundi likiwa dogo kidogo kuliko lililotangulia, na mimi nikateuliwa kuzitunza. Mimi huyu, ambaye sijaruhusiwa kupangusa kikatio! Nilizifungia kwenye kabati la chumbani na ufunguo nikauvaa shingoni. Mke wangu akaniita bwana jela. Nilikubali cheo hicho kwa mikono miwili.

Sasa ndiyo nataka mtu anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo maringo yangu yanapoanzia. Mwanamke huyu alirudi karakana, akamkabidhi mdogo wangu meza. "Wewe kata," akamwambia. "Mimi mkono wangu uko matibabuni." Akakaa kwenye kigoda cha wanafunzi, pale pembeni kwenye beseni la maji, akachukua jiwe, akaanza kusugua kingo za vioo vilivyokatwa na watu wengine. Fundi aliyefundisha nusu ya mafundi wa mji huu. Wateja walikuwa wanaingia, wanamkuta pale chini, wanamuuliza mdogo wangu fundi yuko wapi. Mke wangu anainua mkono wenye povu la vumbi la kioo na kusema, "Fundi ni huyo. Leo mimi nasugua."

Mtaa nao haukunyamaza. Wakasema Mama Mstari amekuwa mlevi wa unga, wakasema amerogwa, wakasema mume wake anamwekea vitu kwenye mkate. Mmoja alilisema hilo mbele yangu, dukani. Nikamwambia akatafute mkate kwingine, na akishindwa kuupata ale maneno yake, yapo mengi. Tajiri wangu alinikaripia. Mpaka leo sijutii.

Haikuwa rahisi, nisije nikadanganya mtu. Kila pakiti zilipopungua, jasho lilirudi kidogo, na wasiwasi, na ile sauti ya kioo masikioni. Tulisubiri ipite ndipo zipunguzwe tena. Kuna kipindi alimwomba daktari waruke hatua, kwa sababu ya dirisha la ukumbi. Daktari akakataa. Mke wangu akakasirika, akaenda kwa mwendo wake mwenyewe, akaacha pakiti moja mezani. Jioni yake hakuweza kushika kikombe. Daktari akamrudisha hatua moja nyuma na kumkaripia kama mtoto wa shule.

Siku hiyo alitupa jiwe ndani ya beseni, maji yakaruka. "Narudia mstari!" akasema, machozi yakimtoka. "Unaona? Narudia mstari uleule!"

Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Labda ni kukaa muda mrefu na fundi. Nikamwambia, "Hujarudia mstari, mama. Umelowesha jiwe tu."

Akanikodolea macho. "Nani kakufundisha kazi yangu?"

"Nimejifundisha kwa kuchungulia. Mlango wako una ufa."

Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku za kopo la kwanza, na nilikihitaji kuliko mshahara.

Kuhusu mkandarasi, mke wangu hakumficha. Alimwita karakana akamwambia kila kitu, kopo, kuanguka, pakiti. "Kioo cha baba yangu nataka nikikate mimi," akamwambia. "Lakini siwezi sasa. Ukiweza kunisubiri, nisubiri. Usipoweza, kipeleke kwenye mashine, sitakulaumu."

Mkandarasi alikaa akageuza leso yake mkononi. Nilitegemea aseme pole na kwaheri, maana kuna kampuni ya mji mwingine yenye mashine ya kukata chochote. Badala yake akauliza maswali mengi. Jasho lilikuwa la namna gani? Moyo ulikwenda mbio hata akiwa amekaa? Na huyo daktari, hakumcheka? Nilidhani anatafuta sababu ya kumnyima kazi, nikamwangalia kwa jicho baya. Lakini alipoinuka alisema tu, "Nitaziba dirisha kwa mbao. Nitakusubiri." Sikuelewa kwa nini, na sikutaka kuuliza asije akabadili mawazo.

Mbao zile zilikaa pale juu ya mlango muda mrefu. Kila nilipopita niliona kama mji mzima unamtazama mke wangu na jicho moja limefumbwa.

Pakiti zilipokuwa zimebaki ndogo kiasi kwamba unga wake haujazi kucha, daktari akamwambia anaweza kurudi mezani. Alianza na vipande vya kutupa. Kisha madirisha ya jikoni. Kisha duara la ukubwa wa sinia, na mdogo wangu alipolinyanyua akalibusu mpaka akajikata mdomo, mpumbavu yule.

Siku ya kioo kikubwa, kililazwa ndani ya ukumbi wenyewe, juu ya meza tatu zilizounganishwa na kutandikwa mablanketi. Wajenzi waliacha kazi wakasogea. Mkandarasi alikuwepo na viatu vyake. Mke wangu akabandika katikati ya kioo kile kipande cha mpira kinachonyonya, akafungia hapo ule mti mrefu wa kuchorea duara alioutumia baba yake, na mwisho wa mti ule akafunga kikatio.

Duara ni kitu kingine. Mstari ulionyooka una mahali pa kukimbilia. Ukifika ukingoni umefika. Duara halina ukingo. Mstari unatoka, unazunguka kioo chote, na lazima urudi kuukuta mwanzo wake, uuguse, usimame hapohapo. Ukipita kidogo tu, umerudia mstari. Ndiyo maana mkono unaotetemeka unaweza kukata dirisha la jikoni, lakini duara hauliwezi.

Akachovya kikatio kwenye mafuta. Akavuta pumzi. Akaanza kuzunguka meza, mguu baada ya mguu, na ile sauti nyembamba ikatoka. Ukumbi ukanyamaza hata nikasikia njiwa kwenye paa. Mimi nilifumba macho, sitaki kudanganya, nikaisikiliza tu. Ilipita upande wa mlango. Ikapita upande wa jukwaa. Ikawa inarudi, ileile, haijapanda wala kushuka, ikanikaribia, ikanipita, kisha ikasimama. Nilipofumbua macho mkono wake ulikuwa juu ya kioo, umetulia kama umelala.

Akagonga kwa chini na mpini wa kikatio, akachanja mistari mifupi kutoka kwenye duara hadi ukingoni mwa kioo, na vipande vya pembeni vikaachia kimoja kimoja. Katikati pakabaki duara zima, pana, safi, kama la baba yake. Wajenzi wakapiga kelele. Mdogo wangu akarusha kofia yake juu na haikurudi, iko kwenye boriti mpaka leo. Mimi nililia mbele za watu na sikujifuta.

Mke wangu hakushangilia. Alinyoosha mkono kwangu. "Bwana jela, saa yangu imefika."

Nikampa pakiti. Akaikoroga kwenye kikombe cha maji mbele ya umati wote. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, naye akasikia. "Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ndogo kuliko ya wiki jana. Siku nikimaliza nitawaita tena mje mpige makofi, kwa sababu hii ndiyo kazi kubwa. Kioo ni kazi ya mchana mmoja." Akanywa.

Watu walipoanza kutawanyika, mkandarasi akamsogelea. Uso wake ulikuwa umelowa. Aliongea chini, lakini nilikuwa karibu.

"Mama, mimi nina kopo ndani ya gari. Kwenye droo ya ofisini lipo lingine. Nakunywa asubuhi, mchana, jioni. Nilikusubiri kwa sababu nilitaka kuona kama mtu anaweza kutoka." Akakunja leso yake. "Nimeona. Leo nakwenda kuyatupa yote. Mstari mmoja."

"Usitupe!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mke wangu alikuwa amemshika mkono yule mtu kwa nguvu, kama anavyoshika kioo kinachotaka kuanguka. "Usitupe hata kidogo. Sikia. Mimi nilitupa, nikaokotwa sakafuni. Lete makopo yako, yote. Tunakwenda nayo kwa daktari wangu sasa hivi, umwambie unakunywa kiasi gani, usimfiche kijiko hata kimoja. Atakupangia yeye. Na hatakucheka."

Akavua aproni yake akanitupia. Mkandarasi akamfuata kama mtoto anayepelekwa shule, viatu vyake vinang'aa, na mimi nikasimama pale kifua kimenijaa. Nimemwona mke wangu akikata vioo vya maduka, vya shule, vya nyumba za wakubwa. Sijawahi kujivunia kazi yake kama nilivyojivunia kelele ile moja.

"Shemeji!" mdogo wangu akamwita akiwa mlangoni. "Na hiki kioo je?"

Akageuka. Akamtazama mdogo wangu, kisha akanitazama mimi, kuanzia viatu hadi nywele, kama siku ile ya uchumba.

"Kingo hazijasuguliwa," akasema. "Mume wangu atasugua. Polepole, umesikia? Usinimegee."

Wakaondoka. Nikafunga aproni yake juu ya yangu ya mikate, nikachukua jiwe, nikalilowesha.